Entarara Waisikie Kajiado

Mkurugenzi wetu alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko mshahara wake, nalo ni "baada". Uhamisho wangu wa kwenda Bungoma ulikuwa uzungumzwe baada ya bajeti, kisha baada ya wakaguzi wa hesabu, kisha baada ya mvua, maana mvua ikinyesha huku kwetu bomba hupasuka na kila mtu hutaka kumwona mwenzake kwenye video ili amlaumu vizuri. Safari hii alinipigia simu yeye mwenyewe, huku akitafuna kitu.

"Wewe nifanyie huo mkutano wa Kajiado na Entarara," alisema. "Entarara wasikie Kajiado, Kajiado wasikie Entarara, bila hiyo kukatika-katika ya kila siku. Ikienda poa, nasaini transfer yako siku hiyo hiyo. Nakuachilia."

Hilo neno "nakuachilia" nililishika kwa mikono miwili. Angeniambia hata "potea" ningesema asante.

Shirika letu ni dogo, la maji. Lina ofisi kuu Nairobi, ofisi ya Kajiado mjini, chumba kimoja kule Entarara karibu na Loitokitok, na ofisi ya Bungoma ambayo wakati huo haikuwa na mtu wa kompyuta. Mimi ndiye mtu wa kompyuta. Napanga Kitengela, mtaa wa Noonkopir, kwa sababu Kitengela iko katikati ya Nairobi inayonilipa na Kajiado inayonichosha. Nafanya kazi ya maji na nyumbani nanunua maji kwa mtungi, kwani yale ya bomba la ploti ni ya chumvi, na yakija huja yamekasirika. Majirani zangu wengi ni watu wa kwetu magharibi, waliokuja kama mimi kwa muda mfupi. Wengine muda wao mfupi umeshaota mvi. Husemwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sisi wa Noonkopir tumezoea kamba zetu hata tunazifua Jumamosi pamoja na nguo.

Watu wakinisikia nasema natengeneza mikutano ya video, hudhani nashika kamera. Kamera haina shida. Shida ni njia. Kompyuta ina njia mbili za kupeleka sauti yako kwa mwenzako. Ya kwanza ina adabu nyingi: inapeleka kipande kidogo cha sauti, inangoja iambiwe kimefika, na kipande kikipotea inarudi kukitafuta huku vipande vingine vyote vimesimama barabarani. Mafundi huiita TCP. Ya pili, UDP, haina adabu wala haingoji mtu: inarusha tu, kilichofika kimefika, kilichoanguka kimeanguka. Kwa barua na hesabu, adabu ni jambo jema. Kwa mazungumzo nipe ile isiyo na adabu, kwa sababu ukiniuliza swali na jibu langu likija ukiwa umeshauliza lingine, hapo hatuongei tena.

Ofisi nyingi zina ukuta wa ulinzi kwenye mtandao wao, na aliyeujenga, kwa woga wake, hufunga njia ya haraka na kuacha ile ya adabu peke yake. Basi mimi hupita kompyuta baada ya kompyuta, nikifungua njia hiyo, nikizima ile picha safi kupita kiasi inayokula bando, na kuiambia mashine ipe sauti nafasi ya kwanza. Nikiifanya vizuri hakuna anayekumbuka kuwa niko. Nikikosea, kila mtu ana namba yangu ya simu.

Binti yangu alikuwa gredi ya tatu, Bungoma, kwa mama yangu. Nilimpeleka kabla hajaanza shule. Nilisema ni kwa muda tu, na ule muda ukazaa muda mwingine. Jioni tunaongea kwa video. Mimi ambaye najua kunyoosha sauti ya watu wote wa shirika, mtoto wangu mwenyewe hanishiki mkononi: anaiweka simu mezani ikitazama juu, anaendelea na mambo yake, nami nabaki nikiongea na mabati ya mama yangu. Nayajua yale mabati. Najua msumari ulioingia kombo na mahali moshi umechora. Uso wa mtoto nauona akipita.

"Kuja usalimie mama yako," mama humwambia.

"Kukhu, si nilimsalimia jana?" humjibu bibi yake kutoka mbali.

Siku nilipomwambia huenda nikahamia huko, alirudi mbio. Aliichukua simu, uso wake ukajaa kioo chote, akauliza, "Na utakuwa unalala hapa? Hapa hapa?" Nikasema ndiyo, hapo hapo. Kesho yake mama aliniambia kwamba habari zimeshafika shuleni, mpaka kwa mwalimu mkuu. Nilifurahi, kisha nikaogopa sana. Mtu mzima ukimvunjia ahadi atakutukana yaishe. Mtoto hatukani. Ataiweka tu simu mezani na kwenda zake.

Acha kazi basi, utaniambia. Kazi ndiyo inayolipia hayo mabati ninayoongea nayo, na karo, na dawa za presha za mama. Bungoma hakuna shirika lililokuwa likiningoja mlangoni isipokuwa ofisi yetu wenyewe. Nilikuwa nimezungushiwa ua kila upande, na lango lake moja tu lilikuwa mkononi mwa mtu anayetafuna akiongea kwa simu.

Mkutano wenyewe ulikuwa wa bomba. Linatoka chini ya mlima, linapita mashamba ya Entarara ambako watu wanalima nyanya na vitunguu, kisha linasafiri mbali hadi kwa wafugaji wa upande wetu wa Kajiado. Kiangazi kile wafugaji walikuwa wakifungulia mfereji na kupata hewa. Wao walisema wakulima wanayamaliza maji huko juu. Wakulima walisema bomba ni kuukuu, linavuja njiani, na fisi ndio wanaokunywa. Mara ya mwisho walipokutanishwa ana kwa ana, viti viliruka. Ndiyo maana mkurugenzi akapenda video: haina viti vya kurushiana.

Siku hiyo nilifika mapema. Ukumbi wa Kajiado ni chumba kirefu cha mabati nyuma ya ofisi, madirisha yana vyuma, mlango ni mmoja. Soketi ya kutegemewa ni moja pia, kwenye kona ya nyuma, kati ya ukuta na kabati la faili ambalo hakuna aliyewahi kulisogeza. Hapo ndipo kilipokaa kifaa cha mtandao, na hapo ndipo nilipokaa na kompyuta yangu, waya miguuni. Kompyuta ya mkutano, ile yenye kamera na projekta, niliipeleka meza ya mbele. Kisha watu wakaja. Viti vikapangwa safu kwa safu kati yangu na mlango, wazee wakaketi, akina mama wa kamati wakaketi, nami nikawa nimefungiwa kule nyuma kama mbuzi kwenye kigingi. Ili nitoke ilibidi wazee wengi wasimame, na wazee hawasimamishwi ovyo.

Mwenyekiti alikuwa mzee mrefu, mwembamba, koti la suti, kofia ya sufu, na rungu jeusi lililong'aa kwa kushikwa. Kabla hajaketi mbele alikuja mpaka safu ya mwisho kunisalimia.

"Nakitok, takwenya."

"Iko," nikajibu, na hapo ndipo Kimaasai changu kizuri kinapoishia.

"Hii kitu yako itaongea leo?"

"Itaongea, mzee."

"Ile ya juzi iliongea kama mtu ako na kiazi moto kwa mdomo."

"Leo nimetoa kiazi, mzee."

Akacheka, akaenda mbele. Mimi sikucheka. Mkurugenzi alikuwa ameshaingia kutoka Nairobi, kijipicha kidogo pembeni ya skrini, sauti imezimwa, macho wazi.

Watu wa Entarara walionekana vizuri, wamebanana kwenye chumba chao, karani wetu wa kule akiwa mbele karibu na kompyuta. Maombi yakaombwa. Mzee akasimama, akaanza kuongea kwa Kimaasai, kisha akirudia kwa Kiswahili, akienda mbele na nyuma, rungu mkononi.

Sasa, mzee wa huku haongei peke yake. Anasema kipande, wanaomsikiliza wanaitikia "ee", ndipo anasema kingine. Hilo "ee" si la kukubali. Ni la kumwambia: limefika, endelea. Mtu akisema kipande asipate "ee", ni kama amegeuziwa mgongo. Ndani ya ukumbi wetu "ee" ilitoka pale pale. Ya Entarara ilichelewa. Mzee alimaliza kipande, akatazama skrini, kimya. Akangoja. Kimya. Akaanza kipande kingine, na katikati yake "ee" ya kile cha kwanza ikamwangukia. Akaacha. Akaanza tena. Zikaja mbili kwa pamoja.

Akashusha rungu. "Hawa watu wananicheka," akasema.

Huko Entarara nao hawakuelewa kwa nini anaanza na kuacha, wakaanza kunong'onezana, na minong'ono yao ikatufikia imechelewa, wakati mzee amekwisha kunyamaza, ikasikika kama kejeli kamili. Mama mmoja wa kamati akasonya. Mzee wa safu ya kati akasema kwa sauti yeye amekuja kuongea na watu, si na ukuta. Simu yangu ikatetemeka. Mkurugenzi: "Ni nini hiyo inaendelea? Rekebisha SASA."

Nilijua ni nini. Nilifungua takwimu za mkutano kwenye kompyuta yangu, na ikawa kama nilivyoogopa: sauti ilikuwa inasafiri kwa ile njia ya adabu. Upande wa Kajiado nilikuwa nimeufungua kwa mikono yangu. Basi kosa lilikuwa Entarara. Nikamwandikia karani: umeweka kitu gani kipya kwenye mashine? Akajibu upesi kwamba aliogopa virusi, akaweka programu ya ulinzi aliyopewa na shemeji yake. Shemeji! Nilitamani kupita ndani ya waya nimshike shingo. Ile programu ilikuwa imefunga njia ya haraka na kuketi juu yake.

Nikamwambia aniruhusu niiendeshe kompyuta yake kutoka hapo nilipo. Akabonyeza kukubali. Mkono wangu sasa ulikuwa Entarara, makalio yangu Kajiado. Nikaisimamisha ile zawadi ya shemeji, nikaufungulia mkutano mlango wake, nikaingia kwenye mipangilio ya video nikaiambia itumie UDP kwanza, nikaishusha picha, nikawaambia kupitia kwa karani kwamba watatoka na kurudi, wasikasirike. Skrini ikawa nyeusi. Ukumbini watu wakageuka kunitazama, safu baada ya safu, na sikuwa na pa kwenda. Jasho lilinitoka mpaka mgongoni. Nilikuwa nikiwaza darasa la gredi ya tatu lililokwisha kuambiwa mama anakuja.

Wakarudi. Mzee alisimama bila haraka. Alisema kipande kifupi sana, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole.

"Ee!" wakasema Kajiado na Entarara, kwa mkupuo mmoja.

Akasema kingine. "Ee!" Akaanza kutembea tena, rungu likicheza, sauti ikipanda, na kila alipotua alikuta wenzake wametua naye. Nilisikia fahari, nisidanganye. Nilikaa kwenye kona yangu nikitabasamu kwa kabati.

Simu ikatetemeka. Mkurugenzi: "Umefanyaje hiyo na hujatoka kwa kiti?"

Nikamjibu ujumbe mrefu. Nilimweleza yote: kwamba naweza kuishika mashine yoyote ya shirika nikiwa popote, kwamba nafungua na kufunga njia kama mtu anayefungua jikoni kwake, kwamba hata Loitokitok sikuhitaji kwenda. Nilimwandikia kwa kujigamba, na hata kialama cha misuli nikatia. Akajibu kwa neno moja: "Interesting."

Shida ya pili ilikuja mzee alipomaliza na kuwapa Entarara nafasi. Kwa maneno mazuri kabisa alisema sasa ni zamu yao, waseme, sisi tunasikia. Na pale pale, Kajiado tukatoweka mkutanoni. Projekta ikazima. Kwenye kompyuta yangu ya kona Entarara walibaki, lakini kompyuta ya mbele haikuwepo tena.

Nilisimamisha wazee. Nilipita kwa "samahani mzee, samahani mama" na magoti ya watu, na nilipofika mbele, picha ilikuwa imerudi yenyewe. Mzee alikuwa amesimama kando ya meza, rungu mkononi, amejituliza. Nikaangalia: betri nzuri, waya mzuri. Nikarudi kwenye kigingi changu. Entarara walikuwa wamekatwa katikati ya salamu. Mzee akawaomba radhi, akawapa nafasi upya. Tukatoweka upya.

Sasa nikaanza kuishuku ile njia yangu ya haraka. Iliwezekana sauti ya kutoka kwao, ikija kwa kasi, ilikuwa inaangusha upande wetu. Nikairudisha mashine ya mbele kwenye njia ya adabu. "Ee" zikaanza tena kuchelewa, mzee akaanza tena kutazama skrini kwa jicho la kando, nami nikabadilisha haraka kabla hajasema tena anachekwa. Ilikuwa kubaya huku, kubaya kule. Mkurugenzi aliandika "???" na zile alama tatu za kuuliza zilinikaa kifuani kama vidole vitatu.

Zamu ya tatu nikapanda juu ya kiti nione. Mzee alisema maneno yake mazuri. Kisha, kwa adabu kubwa na mikono miwili, akaliweka rungu juu ya kompyuta. Kichwa cha rungu kiligonga kitufe cha kuwashia, kikabingirika, kikatulia pembeni. Projekta ikazima. Mzee akangoja kidogo. Alipoona watu wa Entarara wamepotea, akalichukua rungu lake, kwa kuwa hakukuwa tena na mwenye zamu, na kwa kidole kimoja akakigusa kile kitufe na kuiamsha mashine.

"Mzee!" nikapiga kelele kutoka juu ya kiti. "Umegusa kitu?"

"Mimi? Mimi sijagusa. Nimewapa rungu tu."

Hakuwa amekosea hata kidogo. Mkutanoni anayeongea ndiye mwenye rungu. Atawapaje watu wa Entarara nafasi ya kuongea na rungu analo yeye? Na walipokuwa, kwa macho yake, ni pale: ndani ya ile mashine.

Nilipenya tena hadi mbele. "Mzee, tafadhali, tuliweke hapa kando, kwa meza."

"Kando ni ya nani?" akauliza. "Rungu ikiwekwa kando, imepewa nani?"

Ukumbi wote ulikuwa upande wake. Hata mama aliyesonya alitikisa kichwa kunionyesha kwamba nimesema jambo la kitoto. Nikaketi kwenye kiti cha mwenyekiti, nikaingia kwenye mipangilio ya umeme wa mashine, mahali panapoulizwa kitufe cha kuwashia kikibonyezwa kifanye nini, nikachagua: kisifanye chochote. Nikasimama. "Mzee, wape."

Akawapa. Rungu likagonga, likabingirika, likatulia. Entarara walibaki. Karani alinisimulia baadaye kwamba kule walipoliona rungu linakuja mpaka kwenye kamera na kuwajazia skrini, waliokuwa wamekuja na matusi wakayameza. Aliyeongea kwao alikuwa mama mkulima wa vitunguu. Alisema ndiyo, kuna watu wao wanaofungulia maji siku zisizo zao, na ndiyo, bomba pia linavuja, hayo yote mawili ni kweli, na tuache kujifanya ni moja. "Ee," wakasema wafugaji, pale pale. Kutoka hapo mkutano ukashuka mteremko. Rungu lilikwenda na kurudi mchana kutwa. Walipatana siku za zamu, wakapatana pia kwamba kila upande utatoa watu watembee pamoja kulifuata bomba, kutoka mlimani mpaka huku chini, wakiangalia linapovuja. Watu waliorushiana viti walikuwa wakiagana kwa kuulizana habari za ng'ombe na za nyanya.

Mimi nilikuwa nimechoka na nina njaa, na nilikuwa na furaha ya ajabu. Kichwani nilikuwa naifungasha nyumba ya Noonkopir. Kitanda ningemuuzia jirani. Mitungi ya maji ningeigawa.

Mkurugenzi akafungua sauti yake. Aliwashukuru wazee, akawashukuru wakulima, akamshukuru Mungu. Kisha akasema angependa kumshukuru pia yule dada wa kompyuta, asimame aonekane. Nikasimama. Watu wakapiga makofi.

"Huyu dada," akasema, "nilikuwa nimemwahidi leo nitasaini transfer yake aende Bungoma. Na mimi ni mtu wa kutimiza ahadi. Lakini leo nimeona kitu. Wazee, mmeona pia. Ametengeneza kompyuta ya Entarara akiwa ameketi Kajiado! Sasa mimi nauliza, kama anaweza kutengeneza Entarara akiwa Kajiado, Bungoma itamshinda nini? Sasa hivi nimeongea na ofisi. Kuanzia mwezi ujao Bungoma iko chini yake. Ataihudumia akiwa hapo hapo. Hata hatahitaji kuhama, hatahitaji kusumbuka na mizigo. Tumpigie makofi tena."

Wakapiga. Alikuwa anatabasamu kweli kweli. Alidhani amenipa zawadi, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu mtu anayekuonea utamchukia ukapona, lakini huyu nilimchukia huku akinifurahia. Nilifungua mdomo kusema nina mtoto. Sauti yangu ilikuwa imezimwa kwenye kompyuta, na kabla sijaifikia yeye alikuwa ameshapunga mkono na kutoka mkutanoni.

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi tembo langu sikulitia maji hata tone. Lau ningeliharibu kidogo, lau ningelazimika kupanda gari kwenda Entarara na kurudi na vumbi, pengine angesaini.

Mzee alikuwa akinitazama. "Ulikuwa unataka kuenda?" akauliza.

"Nilikuwa nataka, mzee."

"Na sasa hauendi."

"Sasa siendi."

Akafurahi kutoka moyoni. Aliwageukia wenzake akawaeleza kwa Kimaasai, wakafurahi nao. Safu zikafunguka, watu wakanipisha kwa mara ya kwanza siku hiyo, wakanileta mbele. Akaniuliza nina watoto wangapi. Nikamwambia mmoja, msichana. Hakuuliza yuko wapi. Kwake mtoto anakuwa aliko mama yake. Akatema mate kidogo kwenye kiganja, akakiweka juu ya kichwa changu, na wote wakasimama, waliokuwa Kajiado na waliokuwa kwenye skrini, wakiwa tayari kuitikia kila atakapomtaja Engai, Mungu.

"Engai akuweke hapa na sisi mpaka uote mvi."

"Naai!" wakaitikia, ndiyo amina yao.

"Engai asikutenge na mtoto wako hata siku moja."

"Naai!"

Kisha wakaningoja mimi. Baraka huitikiwa na anayebarikiwa, na mtu hawezi kuchukua nusu akarudisha nusu mbele ya watu wote wale. Kiganja cha mzee kilikuwa bado juu ya kichwa changu. Nikaitikia zote mbili.